Zana za Kufundishia Ndani ya Kivinjari: Je, Zinazifaa Shule za Tanga?

Mwalimu au mwandishi wa programu wa Tanga anayetaka kutengeneza zana ya kufundishia mtandaoni hukutana mapema na swali la msingi: zana hiyo ifunguke ndani ya kivinjari, au iwe programu ya kupakuliwa na kusakinishwa kwenye simu? Pande zote mbili zina hoja za maana. Mimi naegemea kivinjari, ila kwa sharti ambalo hupuuzwa mara nyingi mno.

Nguvu ya kivinjari ni kwamba hakibagui kifaa. Mwanafunzi wa Ngamiani anayeazima simu ya mama yake baada ya chakula cha jioni huikuta imejaa picha na video za harusi, wala hana ruhusa ya kufuta hata moja ili apate nafasi ya programu ya fizikia. Kiungo alichotumiwa na mwalimu hakidai nafasi kubwa, na kiungo hichohicho hufunguka kwenye kompyuta ya shule na kwenye vishikwambi walivyokabidhiwa walimu baada ya kutumika katika Sensa ya mwaka 2022. Swali likionekana lina kosa, hurekebishwa kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi zana hiyo, na hakuna mzazi anayelazimika kutumia bando lake kupakua toleo jipya.

Wapinzani wa kivinjari hukumbusha yaliyoipata Flash, programu ya Adobe iliyoongezwa kwenye kivinjari ili kuendesha michoro na mazoezi. Masomo mengi yaliitegemea, na Adobe ilipoacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, yale ambayo hayakuwa yameandikwa upya hayakufunguka tena. Tukio hilo lilikuwa hasara kubwa, lakini Flash ilikuwa nyongeza ya kampuni moja, wakati HTML5, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, ni kiwango cha wazi kisichomilikiwa na kampuni moja. Mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder nchini Marekani, unaotengeneza majaribio ya sayansi ya kuigizwa kwenye skrini na ulioanzishwa mwaka 2002 na mwanafizikia Carl Wieman, ulihamishia majaribio yake mengi kwenye HTML5. Leo mwanafunzi huunganisha betri, waya na balbu kwenye kioo cha simu, na akiongeza betri ya pili huiona balbu ikizidi kung'aa. Kwa shule yenye maabara isiyo na vifaa vya kutosha, hilo si jambo dogo.

Hoja iliyo ngumu zaidi kuijibu ni ya mtandao na hifadhi. Kivinjari cha kisasa kinaweza kuweka nakala za faili za somo ndani ya simu, kwa msaada wa hati ndogo ya JavaScript inayofanya kazi nyuma ya ukurasa, hivyo somo lililokwisha kufunguliwa likaendelea hata bando likiisha. Lakini hifadhi hiyo si ya kutegemewa, kwa kuwa simu ikijaa kivinjari huweza kuifuta bila kuuliza, na Safari, kivinjari cha simu za iPhone, huondoa data ya tovuti ambayo haikuguswa kwa siku saba za matumizi ya kivinjari hicho. Zaidi ya hapo, ndugu watatu wanaotumia simu moja huchanganya majibu yao. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kila mwanafunzi awe na namba yake ya kuingilia, majibu yatumwe kwenye seva mara mtandao unapopatikana, na pawepo njia ya kuyahifadhi kama faili. Zana isiyotimiza hayo inapoteza kazi ya mtoto, na mtoto aliyepoteza kazi yake mara mbili harudi.

Kwa shule za Mkinga au Pangani zisizo na intaneti, upo mfano wa Kolibri, programu ya masomo isiyohitaji intaneti, ambayo huwekwa kwenye kompyuta moja ya shule, kisha wanafunzi wakaifikia kwa kivinjari kupitia Wi-Fi ya ndani. Hapa naukubali udhaifu mmoja wa upande wangu. Vivinjari haviruhusu ukurasa kutumia maikrofoni, wala kuendesha ile hati ya kuhifadhi somo, kama anwani yake haina ulinzi wa HTTPS, unaoficha mawasiliano kati ya kivinjari na seva, na kuipatia seva ya ndani ya shule cheti cha ulinzi huo ni kazi inayohitaji fundi. Kwa mazoezi ya kusoma kwa sauti na kurekodi matamshi katika shule kama hizo, ningechagua programu ya kusakinishwa, na mazoezi mengine yote ningeyaacha kwenye kivinjari.