Kadi ya Laki Mbili na Sabini

Mchezo wetu una watu saba. Kila mwezi laki moja moja, na anayepokea anaondoka na laki saba. Zamu yangu ilikuwa ya sita, kwa hiyo kwa miezi mitano nilikuwa naituma ile laki nimefumba macho, kama mtu anayechomwa sindano. Mama Nasra alishajua laki saba zitakwenda wapi: friza, auze barafu na juisi ya ukwaju pale kibarazani. Mimi pia nilishajua zitakwenda wapi. Tatizo hatukuwa tumeambizana.

Nilitaka kompyuta ya gemu. Nina miaka 34, nina stesheneri ndogo Mbagala, natoa kopi na kulaminisha vyeti vya watu, na jioni nilikuwa napita kibanda cha gemu kufungwa mabao na watoto wa darasa la saba kwa shilingi mia tano kila mechi. Mmoja wao alinifunga sita, akanipa mkono, akasema, "Pole, babu." Usiku ule sikulala.

Nyumbani nikasema nahitaji mashine ya kazi. Sikusema uongo, kufunga mabao nayo ni kazi. Tukakubaliana laki sita za mashine, laki moja kianzio cha friza.

Miezi miwili nikawa mwanafunzi wa YouTube. Bando liliisha mara ngapi sijui, lakini nilifika mahali nazungumzia prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kama mchambuzi wa mpira. Ushauri kwa watu wa kipato changu ulikuwa mmoja: usinunue kifaa kimoja kimoja, tafuta mashine ya ofisi iliyotumika, halafu uitie kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu. Ushauri mzuri kabisa. Baada ya hapo kila mmoja alikuwa anaendelea na neno "lakini". Sikulisubiri hata mara moja, bando lilikuwa linakwenda.

Hesabu nikaiandika usiku kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari lililokuwa karibu. Mashine 280,000. Kadi 270,000. SSD, ile diski ya kuhifadhia, 60,000. Pedi ya kuchezea 25,000. Jumla 600,000. Nikapiga mstari chini, mistari miwili, nikalala.

Jumamosi nikashuka Kariakoo, pesa nimezigawa mifuko minne. Duka la kwanza nilikuta Dell OptiPlex 7010 mbili, mtumba wa Dubai, zote prosesa ya Core i5-3470, ramu giga nane. Ni prosesa ya mwaka 2012, lakini ina kori nne na bado inajituma, kama mzee anayelima. Moja ilikuwa nene kama begi la shule ya bweni. Nyingine nyembamba, ukiilaza unaweza kudhani ni deki. Bei ileile. Nikachukua nyembamba. Sababu? Ilikuwa nzuri, na ilikuwa rahisi kupanda nayo daladala. Hakuna sababu ya tatu, nimeitafuta sana tangu siku hiyo.

Muuzaji akaitia kwenye kiroba. "Sipiyu kama hii bosi wangu, utanikumbuka." Sipiyu yenyewe ni kile kidude cha ukubwa wa biskuti kilichomo ndani, lakini sote hapa mjini tunaliita boksi zima sipiyu, na mimi mwanafunzi wa YouTube sikuona haja ya kumsahihisha mtu Kariakoo.

Duka la pili ndilo la kadi. Kijana alikuwa amezipanga kwenye kabati la kioo kama keki. Akaanza kwa kunipa moja fupi, GTX 750 Ti, toleo la mwaka 2014. "Hii haina mambo mengi bosi. Wati sitini tu. Tundu la kwenye bodi linatoa mpaka wati sabini na tano, kwa hiyo unachomeka, unafunika, umemaliza. Haitaki hata waya." Alikuwa ananiokoa maisha, na mimi naangalia pembeni yake. Pembeni ilikaa RX 580, feni mbili, giga nane. Ile fupi ilikuwa na giga mbili. Sasa mtu mzima, aliyeitwa babu hadharani, unamwonyesha giga mbili na giga nane halafu unamwambia achague?

"Hiyo sitakudanganya," kijana akasema, "hiyo imetoka mgodini."

Alimaanisha kuchimba sarafu za mtandaoni. Wachimbaji walizinunua kwa mafungu kadi hizi za mwaka 2017, na Ethereum, mojawapo ya sarafu hizo, ilipoachana na uchimbaji Septemba 2022 zikamwagika sokoni. Nikaipokea. Nzito kama pasi. Feni zake zilikuwa na vumbi la kijivu kwenye kingo, nikalipuliza, kijana akarudi nyuma hatua moja.

"Una kesi gani lakini, bosi?"

Nikageuka kuangalia nyuma yangu. "Kesi? Mimi sina kesi, kaka. Polisi kwenyewe nimefika mara moja tu, kuripoti kitambulisho."

Duka likacheka. Aliyekuja kununua chaja akacheka, mama wa karanga nje akacheka bila kujua tunacheka nini. Kijana akagonga boksi tupu lililokuwa kaunta. "Kesi, bosi wangu. Hili boksi. Yako ikoje?"

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua kiroba kilichokuwa katikati ya miguu yangu. Lakini nilishaona aibu, nilitaka tu yale maongezi ya kesi yaishe.

"Ya kawaida," nikasema.

Simu ikaita. Mama Nasra, anauliza kama nitapitia mchele. Na kijana, ambaye alidhani nimepigiwa na mshauri wa bei, akapaza sauti: "Kadi hii laki mbili na sabini, mwisho kabisa!"

Kimya kidogo upande wa pili.

"Baba Nasra, kadi gani ya laki mbili na sabini? Nani anaoa?"

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mlango umefunguliwa, nikaingia. "Jamaa yangu mmoja wa Tabata. Nilisoma naye."

"Laki mbili na sabini!" Hakuwa na hasira, alikuwa na heshima mpya. "Basi hapo tunakaa meza ya mbele. Nitashona."

Nikalipa kadi haraka haraka kabla hajauliza jina la bibi harusi.

Nyumbani nilijifungia chumba cha nyuma, nikatoa bisibisi, nikafungua mashine. Kisha nikaishika kadi juu ya lile tundu, nikaishusha polepole, kama wanavyofanya kwenye video. Haikushuka. Nikaigeuza, nikaiinua upande mmoja. Ilikuwa ni kumwingiza ng'ombe kwenye banda la kuku kwa kumbembeleza.

Nikachukua rula ya Nasra. Lile bati la mwisho wa kadi, linalofungwa skrubu nyuma ya boksi, lilikuwa na urefu wa sentimita kumi na mbili. Nafasi ya boksi langu zuri jembamba ilikuwa sentimita nane. Kwa urefu wa kulala, kadi sentimita ishirini na nne, na mbele yake pamekaa kizimba cha diski. Miezi miwili nilikuwa nimepima kila kitu kwa shilingi, sentimita hata moja sikuipima.

Kurudisha? Kwenye risiti, kwa muhuri wa bluu, waliandika mali ikishauzwa hairudishwi.

Jumapili asubuhi nikaenda kwa fundi wa mageti. Alilipokea boksi kwa mikono miwili, akalizungusha, akaligonga kwa ukucha.

"Bati laini hili. Unataka nini?"

"Dirisha."

Akaniangalia, akaangalia ndani. "Basi toa matumbo kwanza." Nikatoa bodi, nikatoa diski, nikatoa feni, vyote nikavilaza kwenye khanga niliyokuja nayo, watu wakasimama kuangalia. Grenda ikaanza. Zile cheche zilivyokuwa zinaruka nilikumbuka muuzaji alivyosema nitamkumbuka. Kwa dakika nne ubavu mzima wa mashine ya laki mbili na themanini ukadondoka mchangani, ukiwa bado na kibandiko.

"Nikuwekee na komeo?" akauliza fundi. Hakuwa anatania. Nikasema hapana, akasema elfu tano, nikasema kesho.

Nilipiga brashi chembe za chuma mpaka mkono ukaniuma, nikarudisha matumbo, kadi ikaingia. Ilisikika "kwa!" safi, na kipande kikubwa kikabaki kinachungulia nje kama ulimi wa mbuzi. Nikafurahi peke yangu. Halafu nikauona ubavu wa kadi: vitundu vinane vidogo, safu mbili, vitupu, vinanitazama. Vinataka waya wa umeme. Kadi ile peke yake hula wati mia moja themanini na tano, na pawa saplai, kile kiboksi kinachogawa umeme kwa mashine nzima, ilikuwa wati mia mbili na arobaini, wala haikuwa na waya wa namna hiyo popote. Waliosema "lakini" kule YouTube, nadhani hapa ndipo walipokuwa wanaelekea.

Jumatatu nikanunua pawa saplai ya wati mia tano, iliyotumika, 65,000. Haikuwemo kwenye hesabu. Ile laki moja ya friza ilikuwa imeshaanza kuliwa na makosa yangu ya kujumlisha, sasa ikaisha kabisa, na elfu tano ya fundi wa mageti ikabaki deni. Kwa kuwa pawa hiyo nayo haikuingia ndani ya boksi, nilizipanga zote kwenye kabati la viatu: juu mashine imelala bila ubavu, chini yake pawa, na nyaya zinapita katikati ya ndala. Ukivua viatu kwangu wiki ile ulipulizwa miguu.

Wakati wote huo Mama Nasra alikuwa mwema kupita kiasi. Kila jioni alileta swali moja, kwa upole, akikuna nazi. Ukumbi gani? Sare rangi gani? Huyo bibi harusi ni wa wapi? Nikasema ni Mnyaturu. Sijui kwa nini nilisema Mnyaturu. Siku iliyofuata akauliza kama watacheza ngoma za kwao, nikasema watacheza, akasema "Ehee," akaendelea kukuna.

Jumamosi usiku kila kitu kilikuwa tayari. Skrini sikuwa nayo, kwa hiyo nikasubiri tamthilia ya saa tatu iishe, nikavuta waya kutoka kabati la viatu mpaka kwenye televisheni ya sebuleni. Nasra ameshika pedi. Kidole changu kiko kwenye kitufe.

Mlango wa chumbani ukafunguliwa. Mama Nasra akatoka amevaa gauni jipya la kitenge, mikono ya puto, kichwani kilemba cha kitambaa kilekile, kwapani amebana mkoba wa kutokea. Akapita mbele yangu, akakaa kwenye kochi, akanyoosha mikunjo magotini.

"Washa basi," akasema. "Tumwone bwana harusi."

Feni ya kabati la viatu ndiyo pekee iliyokuwa na la kusema, maana kidole kilishabonyeza chenyewe. Televisheni ikawaka, uwanja ukatokea, nyasi unaziona moja moja. Kusema kweli ilikuwa nzuri.

"Umejua lini?" nikauliza.

"Jumanne."

"Na gauni?"

"Kitambaa nimepeleka kwa fundi Jumatano."

Akafungua mkoba, akatoa daftari. Nililitambua kwa jalada: Hisabati, Darasa la Nne. Mwalimu alikuwa amekusanya madaftari Jumatatu, na ni mwalimu anayesahihisha kila kitu. Kwenye ukurasa wa nyuma, chini ya mashine, kadi, SSD na pedi kwa mwandiko wangu, kulikuwa na kosa kubwa jekundu lililokata ile mistari yangu miwili, na maneno: "Jumla si sahihi. Rudia."

"Nasra," Mama Nasra akasema, "mpe baba kalamu."

Nikapiga magoti kwenye meza ya chai. 635,000. Nikaongeza pawa, 700,000. Nikaongeza fundi wa mageti, kwa sababu alikuwa ameshapita mara mbili mchana kuulizia elfu tano yake.

"Na gauni," akasema Mama Nasra. "Arobaini na tano, na ushonaji humo humo." Alikuwa ameshaichukua pedi mkononi mwa mtoto, anaigeuza geuza. "Hapa mtu anapiga shuti wapi?"