Kesi ya chaza ilipaswa kuanzia mtoni

Chaza wa baharini akitumbukizwa kwenye maji yasiyokolea chumvi hana ujanja: mwili wake una chumvi nyingi kuliko maji yaliyomzunguka, basi maji yanapenya. Baada ya muda amevimba, mweupe, anaonekana amenona. Wafanyabiashara wa Marekani wa karne ya 19 waliita kazi hiyo kunywesha. Mkemia Mmarekani W. O. Atwater alipopima, nyama ilikuwa imeongezeka uzito kwa kati ya sehemu moja ya nane na moja ya tano. Maji matupu, na chumvi yake imetoka. Mnunuzi analipia mto.

Na mto wenyewe ulikuwa upi? Mara nyingi ule unaopita mjini. Mwaka 1894, chaza walionyweshwa kwenye mto Quinnipiac, Connecticut, karibu na bomba la majitaka la nyumba yenye wagonjwa wa homa ya matumbo, waliliwa wabichi na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wesleyan. Zaidi ya ishirini waliugua, wanne wakafa.

Sheria ya Marekani ya chakula na dawa ya 1906, iliyopinga chakula kilichochakachuliwa, ilianza kutumika Januari 1, 1907. Faini ya kosa la kwanza haikuzidi dola 200, fedha ambayo tajiri wa chaza angeihesabu kama nauli. Meno yalikuwa kwenye kifungu cha 10: serikali ilishitaki mzigo wenyewe, mapipa yakawa mshitakiwa, yakakamatwa na kuteketezwa au kuuzwa. Lakini ndani ya majimbo, mzigo ambao haukuvuka mpaka wa jimbo haukuguswa.

Maabara, palipotakiwa kuthibitishwa kwamba maji yameongezwa, ndiko kesi zilikoyumba. Maji ya chaza hutofautiana kwa msimu na kwa mahali alipokulia, na muuzaji daima alikuwa na jibu: nimeosha tope tu. Ndiyo maana naona uamuzi namba 110 wa 1909, uliotolewa na serikali chini ya sheria hiyo, ulikuwa na akili kuliko vipimo vyote: ulikataza kusafirisha au kuuza kati ya majimbo chaza waliowekwa kwenye maji yenye chumvi pungufu ya yale waliyokulia. Hapo mkaguzi anapima maji ya mto, hahangaiki na nyama. Mwaka uliofuata ukalegezwa. Kwangu hilo lilikuwa kosa.

Tena kulikuwa na mlango wa nyuma. Chaza waliokwisha kutolewa magamba walisafirishwa ndani ya beseni na bonge la barafu juu yao. Barafu inayeyuka njiani, chaza wanakunywa, na beseni linafika limejaa vilevile. Dawa yake ni chombo kilichofungwa kabisa, barafu ibaki nje.