Kibainishi katika lugha ya kubuni: kina kazi au ni mzigo?

Anayebuni lugha hukutana mapema na swali la kibainishi, lile neno dogo linaloambatana na nomino kutujulisha kama kitu kinachotajwa tunakifahamu tayari. Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu vinacho. Kirusi, Kipolandi na Kilatini havina.

Ludwik Zamenhof alipochapisha Kiesperanto, lugha aliyoibuni mwenyewe, mwaka 1887 aliweka kimoja tu, «la», kisichobadilika kwa jinsia wala idadi. Kisha akawaruhusu wanaotatizwa nacho wakiache mwanzoni. Ruhusa hiyo inanifikirisha sana. Kama neno laweza kuachwa na watu wakaelewana, kwa nini mwanafunzi abebeshwe? Giuseppe Peano hakusita: Kilatini chake kilichorahisishwa, cha mwaka 1903, hakina kibainishi kabisa.

Lakini kukifuta kibainishi hakuifuti kazi yake. Tazama Kiswahili. «Nimeona kitabu» ni kitabu chochote. «Nimekiona kitabu» ni kile tulichokuwa tukikizungumzia. Kiambishi «ki» ndani ya kitenzi kimebeba jukumu ambalo kwingine lingepewa neno zima. Tena mbinu hii ina mpaka wake. Kwa watu kiambishi cha namna hiyo, «m», ni cha lazima, kwa hiyo «nimemwona mtu» haituambii kama tunamjua, na hapo tunaita msaada wa kiashiria: «nimemwona yule mtu». Kinachopatikana kila mahali hakibainishi tena. Ndiyo hatari ya kibainishi cha lazima pia: Mfaransa hukiweka hata mbele ya neno «maisha» anapozungumzia maisha kwa jumla, Mwingereza hakiweki, na mwanafunzi wa lugha mpya hajui amfuate nani.

Mimi naegemea upande wa alama ya hiari, itumike pale penye utata tu. Wanaotetea ulazima wana hoja nzito, kwamba hiari humwachia msikilizaji kubahatisha: je, msemaji amenyamaza kwa sababu kitu hakijulikani, au kwa uvivu? Sina jibu kamili kwa hilo.

Kwa alama ya yambwa, yaani ya kitu kinachotendwa, hata hivyo, hiari imewahi kuwekewa sharti lililo wazi. Kiesperanto hudai «n» mwishoni mwa yambwa kila mara. Kiido, kilichochipuka kutoka kwacho mwaka 1907, huidai pale tu yambwa inapomtangulia mtenda. Msikilizaji akikosa kuisikia «n», anajua mpangilio ni ule wa kawaida. Sharti la namna hiyo kwa kibainishi bado sijaliona.