Kinda si kila mchezaji mdogo

Ukilitaja neno kinda hapa Arusha siku hizi, wengi watafikiria mpira: kinda wa Yanga, kinda wa Taifa Stars. Sina ugomvi na hilo. Kinachoniuma ni kwamba tumelichukua neno tukamwacha ndege.

Majirani zangu Ngarenaro wanafuga njiwa, na watoto wao husema njiwa ana vifaranga. Huwa nawarekebisha, maana maneno haya mawili yametofautiana kwa jambo la kweli kabisa. Kifaranga cha kuku huanguliwa na manyoya yake laini, macho yamefunguka. Hakawii kumfuata mama yake na kudonoa mwenyewe. Kinda la njiwa huzaliwa karibu uchi, macho yamefumba, hata kichwa kinamshinda kuinua. Baba na mama huyaatamia mayai kwa zamu kwa siku zipatazo 18, kisha wote wawili humlisha kitu kizito kama uji, kinachotengenezwa kwenye kifuko cha koo. Kinda hutumbukiza mdomo wake ndani ya mdomo wa mzazi na kunywa. Hukaa kiotoni mwezi mmoja hivi kabla ya kuruka.

Wapo wanaodhani ki- ya kinda ni ile ya kudogosha, kama ya kitoto. Ingekuwa hivyo, wingi wake ungekuwa vinda. Tunasema makinda: kinda la njiwa, makinda ya njiwa. Mpirani ndiko limehamia kwa watu, likawa kinda wa timu fulani.

Kwa hiyo mtangazaji akimwita kijana wa miaka 17 kinda, namwelewa vizuri. Bado yumo kiotoni, kocha anamlisha. Lakini mchezaji wa miaka 24, mwenye misimu mitano ya ligi miguuni? Huyo ameruka zamani.

(Shibli naye, mtoto wa simba, jina tulilolipata kwa Waarabu, simsikii kabisa, na mji huu kila siku unatoa magari ya watalii kwenda Serengeti.)

Uwanja wetu una jina la Sheikh Amri Abeid, mshairi aliyetoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954. Watangazaji mnaoketi pale na maikrofoni, kinda mwiteni aliyepandishwa juzi kutoka timu ya vijana. Aliyekwisha kuota mbawa mwiteni kijana, inatosha.