Video za harusi Lamu na kitufe kinachong'arisha ngozi

Tazama video ya harusi iliyohaririwa kwa simu hapa Lamu, halafu angalia mikono ya bibi harusi. Mara nyingi hina imepauka, michoro ya piko, ile rangi nyeusi ya kujichora, imekuwa ukungu, na uso ni mweupe kuliko shingo. Mhariri hakukusudia hayo. Alibonyeza kitufe kimoja cha urembo, na programu ikafanya mawili kwa mpigo: ikalainisha ngozi na ikaing'arisha. Watu humlaumu mhariri, lakini mimi naona lawama kubwa ni ya aliyebuni kitufe.

Wanaokitetea wana hoja nzito. Mhariri wa hapa hupokea saa nyingi za picha, kuanzia nikahi msikitini hadi usiku wa kupamba, zilizopigwa kwa kamera mbili zisizopatana rangi, chini ya taa za kila namna. Familia inataka video upesi. DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video na rangi zake, ina toleo la bure lenye magurudumu ya rangi na vipimo vyote muhimu, ila inataka kompyuta yenye nguvu na miezi ya kujifunza. Simu iko mkononi tayari. Isitoshe, bibi harusi aliyesuguliwa singo siku kadhaa ana haki ya kutaka uso usio na chunusi. Hilo silipingi hata kidogo.

Ninachopinga ni kuunganisha mambo mawili yasiyohitajiana. Fungua vektaskopu, kile kipimo cha duara kinachoonyesha rangi zilizomo kwenye picha. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi au nyeupe, huangukia karibu na mstari uleule kati ya nyekundu na njano, kwa sababu kinachoipa rangi ni damu na melanini, ile rangi asilia ya ngozi. Watu hutofautiana zaidi katika mwangaza. Kwa hiyo rangi ya uso iliyoharibiwa na taa ya kijani inaweza kurekebishwa bila kumwongezea mtu weupe wowote. Aliyeunganisha vitu hivi hakulazimishwa na ufundi, alichagua.

Uchaguzi wa namna hii una historia. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke wa Kizungu. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada ameeleza kwamba msukumo mmojawapo wa kuboresha rangi za kahawia kwenye filamu ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na samani, ambao bidhaa zao hazikutoka vizuri pichani. Yaani mbao zilipata mtetezi kabla ya watu!

Mbao zinatusumbua hata sasa, tena kwa njia nyingine. Zana ya zamani ya kuchagua ngozi kwa rangi yake hunasa pia milango ya nakshi, boriti za dari na hina yenyewe, kwa kuwa vyote viko kwenye eneo hilohilo la rangi. Hapo wanaoshikilia kwamba mhariri arekebishe kila kitu kwa mkono, bila kitufe, wanashindwa hoja: programu inayotambua uso kwa umbo lake hufanya vizuri zaidi, na mikono haiguswi. Sharti ni moja, iwe imejaribiwa kwa nyuso kama zetu, na kwa wanawake waliojitanda pia. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo ya kukisia jinsia kwa uso, wakakuta makosa yanayofikia asilimia 34.7 kwa wanawake weusi na chini ya asilimia 1 kwa wanaume weupe. Kazi ile ilikuwa tofauti na hii, lakini chanzo cha kasoro kinaweza kuwa kilekile: picha zilizotumika kuifundisha mashine.

Badala ya kitufe kimoja ningependa vitelezi viwili, yaani vidhibiti vya kusogeza kwa kidole, kimoja cha kulainisha na kimoja cha mwangaza, vyote vikianzia sifuri. Naam, anayeanza kazi ataona vitu vimezidi kwenye skrini. Ni gharama ndogo.

Gharama kubwa iko kwingine. Baadhi ya programu hizi hupeleka picha kwenye seva za mbali zikatengenezwe huko. Usiku wa kupamba ni wa wanawake pekee, na wengi wao hawako tayari kuonekana bila buibui nje ya ukumbi ule. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini mama wa bibi harusi hatasoma sheria. Atamuuliza mhariri picha zimekwenda wapi. Kama programu haifanyi kazi yote ndani ya simu, na haisemi hivyo waziwazi kabla ya kubonyezwa, mhariri hana jibu la kumpa.