Somo la Tabianchi Lianzie Jikoni

Nikiwa kidato cha pili tulipewa jaribio la Jiografia lenye swali ambalo wengi tuliosoma Tanzania tumewahi kulijibu: taja na ueleze athari tano za ukataji miti ovyo. Nilikuwa kwenye athari ya nne pale lori liliporudi kinyumenyume hadi ubavuni mwa jiko la shule na kumwaga magogo. Mwalimu msimamizi akainuka, akafunga dirisha vumbi lisituingilie. Hakuna aliyecheka. Nilipata alama zote, na zile kuni zikatupikia makande jioni ile ile.

Tunapotaka kuzisaidia shule na vyuo vyetu kufundisha utunzaji wa mazingira na mabadiliko ya tabianchi, mawazo hukimbilia semina, mabango na miche ya Siku ya Mazingira. Hebu tuitazame hiyo siku yenyewe. Ni Juni 5. Sehemu kubwa ya nchi yetu kiangazi ndiyo kimeingia. Dodoma au Singida mvua ilishaaga, na ya uhakika hairudi mpaka Desemba. Isitoshe, Juni ndiyo mwezi wa likizo. Mgeni rasmi anapanda mti, anapigwa picha, wanafunzi wanafunga shule, mche unabaki na mbuzi wa mlinzi. Mwaka unaofuata shimo ni lile lile. Mwanafunzi anayeliona hilo miaka minne mfululizo kuna jambo amefundishwa, ila silo lililoandikwa kwenye bango.

Halafu kuna hili la adhabu. Nani kati yetu alimwagilia miti ya shule kwa hiari? Aliyechelewa namba ndiye aliyebeba ndoo. Aliyekutwa anapiga kelele alikwenda kung'oa kisiki. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shamba liwe sehemu ya masomo, mwanafunzi alime huku akijifunza kwa nini mbolea hii na si ile. Sisi tulibaki na jembe kwenye fomu ya kujiunga, pamoja na ndoo na ufagio wa chelewa, ile "kwa nini" tukaisahau njiani. Ukimfanya mtoto aone udongo ni viboko vya aina nyingine, usimlaumu akikua na kutafuta kazi yoyote isiyogusa udongo.

Kwa hiyo, kama kuna mtu ana fedha kidogo na nia njema, ninamwomba aanzie jikoni. Serikali ilishaagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024, na mkakati wa kitaifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Agizo ni zuri. Lakini kuni zinakopesheka: muuzaji anamwaga lori leo, analipwa michango ya wazazi ikikusanyika. Mtungi wa gesi unataka fedha taslimu, na majiko yake yanataka fedha nyingi kabla hata sufuria ya kwanza haijachemka. Mkuu wa shule anayesubiri michango ya chakula afanye nini? Hapo ndipo msaada unapohitajika, kwenye gharama ile ya mwanzo.

Na wanafunzi wasiletewe jiko jipya kama zawadi ya kupigia makofi. Wapeni hesabu. Mzani mmoja na daftari: kila siku kuni zipimwe kabla hazijaingia motoni. Tuseme ni kilo 150. Kwa siku 194 za masomo ni kilo 29,100, yaani tani 29 na ushee. Miti mingapi hiyo? Imetoka kijiji gani? Jiko banifu, lile linalokula kuni chache, likifungwa, mzani utaonyesha zimepungua ngapi? Ikija gesi, je, nayo si inatoka ardhini kama mafuta? Na ule mkaa mbadala uliotengenezwa kwa makaa ya mawe unaokoa msitu, sawa, lakini unaokoa hewa? Maswali haya ni magumu, hata watu wazima tunayakwepa. Darasa la kidato cha tatu likiyabishania kwa namba zake lenyewe, litakuwa limeelewa zaidi ya mimi na athari zangu tano.

Vyuo navyo vina kazi. Wanafunzi wa uchomeleaji wa VETA, vyuo vya ufundi stadi, wanajifunzia kwa kutengeneza mageti na madirisha. Kwa nini wasitengeneze majiko banifu ya shule za jirani, wakarudi kila muhula kuyakarabati? Mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024 imeleta mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, sekondari, kwa hiyo mlango uko wazi. Vyuo vya ualimu nami nitavigusa kwa sentensi moja: mwalimu ambaye hajawahi kusoma kipimamvua hawezi kumfundisha mtoto kwa nini vuli ya mwaka huu si ya mwaka jana.

Shule yetu ilikuwa nacho kipimamvua, tena na kile kisanduku cheupe chenye miguu minne cha kuwekea vipimajoto. Nilipopita miaka ya karibuni nilikuta kuku ametagia ndani.

Kundi letu la WhatsApp la waliosoma pale linachangishana sasa. Wengi wanataka bustani ya maua getini, yenye kibao cha majina ya waliochangia. Mimi nimependekeza mzani na jiko moja banifu, na mama mpishi aingie darasani siku moja aeleze moshi ule umemfanya nini machoni. Kundi lilikaa kimya siku mbili nzima. Jana usiku mweka hazina ameuliza mzani wa kilo 100 unauzwaje.