Commando ya Ngarenaro

Binti wa stelingi aliitwa Neema. Alitekwa na watu waliokuwa na kesi ya shamba na baba yake, na mkubwa wa watekaji alikuwa baba mdogo wa Neema, ndugu wa damu kabisa. Hiyo ndiyo Commando niliyoiona mimi nikiwa darasa la nne, kwenye kibanda umiza cha Ngarenaro, kiingilio shilingi 50.

Nimekuja kuiona tena ukubwani, yenye maandishi chini. Kumbe binti anaitwa Jenny, na shamba hakuna. Kuna dikteta aliyepinduliwa, anataka Schwarzenegger akamuulie rais wa nchi ambayo hata kwenye ramani haipo. Nikaizima katikati. Ile ya kwetu ilikuwa na akili zaidi. Kugombea shamba tunakujua.

Wanaosimulia historia ya sinema hupenda kuhesabu mitambo. Mwaka 1953 Hollywood ikapanua skrini kwa CinemaScope kwa sababu televisheni ilikuwa inawanyang'anya watazamaji, zikaja kanda za VHS, zikaja DVD, sasa ni intaneti. Sawa. Lakini kwa sisi wa Arusha picha karibu zote zilitoka kwingine, mitambo vilevile. Chetu kilikuwa sauti ya mtafsiri wa kibandani, na mwenye sauti hiyo hatajwi popote.

Chukua Hatari!, ile ya John Wayne, ya mwaka 1962. Jina la Kiswahili, mandhari yetu: Howard Hawks aliwaleta waigizaji wake hapa Tanganyika kabla hata ya uhuru, wakawa wanafukuza vifaru kwa magari, na Mjerumani Hardy Krüger akapapenda Momella hadi akanunua shamba. Watu weusi wamo, wanashika kamba na kufungua milango ya vizimba. Miaka 60 baadaye, Aprili 2022, tukajaa ukumbi wa AICC kuzindua filamu ya The Royal Tour, safari hii mwenye kutembeza wageni akiwa Rais wetu mwenyewe. Hapo tumepiga hatua, sibishi. Ila nayo ilitengenezwa kwa ajili ya mtazamaji wa Marekani. Sisi tuliitazama kama mtu anayesoma barua ya posa aliyoandikiwa jirani.

Wazee wa mjini ukiwatajia jumba la sinema la Metropole wanatabasamu. Kule ilikuwa picha za Kihindi, na Mhindi hakuhitaji mkalimani: mama analia, unalia, wimbo ukianza unajua mapenzi yameiva. Baadaye Bruce Lee, ambaye naye alikuwa anaongea kwa mateke. Shida ilianza na Wamarekani, maana wale wana maneno mengi kabla ya kupigana.

Na televisheni hatukuwa nayo. Zanzibar walianza kurusha matangazo mwaka 1974. Bara tulisubiri hadi 1994. Katika pengo hilo ndipo deki ilipofanya kazi. Mtu mwenye deki moja, runinga ya inchi 14, mabenchi na turubai la kuziba mwanga alikuwa na jumba la sinema. Picha ikianza kuchuruzika mistari, mwenye kibanda alifungua mfuniko wa deki na kusugua hedi kwa noti laini laini. Sisi tunasubiri gizani, jasho la watu sitini, mlango umefungwa kwa nje ili watoro wa kiingilio wasipenye. Haikuitwa kibanda umiza kwa utani.

Mtafsiri wetu tulimwita Mwalimu, ingawa darasa la saba lenyewe alilimaliza kwa mbinde. Alikaa kwenye kreti la soda pembeni ya runinga, fimbo mkononi. Sasa hivi naamini Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Lakini alishaitazama kila kanda peke yake asubuhi, akaipangia hadithi. Adui akikimbia, alikuwa anakimbilia Njiro kwa matajiri wenzake. Msitu wowote ulikuwa Ngurdoto. Wazungu wakiongea dakika tatu nzima, yeye anasema, "Hapa wanadanganyana tu," kibanda kinacheka, tunasonga mbele. Na busu likikaribia alisimama mbele ya kioo, mgongo kwetu, mpaka lipite. Bodi ya ukaguzi ya mtaa, bila mshahara.

Nchi nzima jina kubwa lilikuwa Lufufu, Derek Mukandala, aliyeingiza sauti yake kwenye kanda zenyewe zikasambaa. Lakini nyuma ya Lufufu mmoja walikuwapo akina Mwalimu kila mtaa, na kazi yao iliisha kila jioni kanda ilipotolewa kwenye deki.

Kuna watakaosema huo ulikuwa uharamia na upotoshaji. Uharamia ni kweli; hakuna aliyelipwa haki yake kule Marekani. Upotoshaji sikubali. Bongo Movie ilipolipuka baada ya 2003, soko lilikuwa tayari: watu walishazoea kuona mikasa inasimuliwa kwa Kiswahili cha mtaani, wakataka na sura zifanane na sauti. Halafu sisi wenyewe tukaanza kubandika maandishi ya Kiingereza chini ya picha zetu, Kiingereza ambacho hata Mwalimu angekionea huruma. Wachina ndio waliosoma alama. Mwaka 2011 waliileta tamthilia ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa imeshatiwa sauti za Kiswahili, na mama zetu wakaweka sufuria chini. Siku hizi Waturuki wanaongea Kiswahili sanifu kila usiku sebuleni kwangu.

Wiki iliyopita nimepanda Hiace Kilombero, nashuka Kimandolu. Kijana pembeni yangu anatazama simu: picha ya Kikorea imekatwakatwa, na juu yake mtu anasimulia kwa kasi. "Sasa huyu mzee," sauti ikasema, "sura ya upole, kumbe ndiye aliyemla kuku wa watu."

Nikamuuliza kijana anayesimulia ni nani.

"Simjui, mzee. Ila anajua." Akanipa sikio moja la earphone.

Nilikuja kushtuka tuko Tengeru, na konda anadai nauli ya ziada.